Wali wa Haneda

Tangu arudi Kure, mji wetu wa bandari ya manowari hapa Japani, mwezi wa sita ule, Luteni Murakoshi Teizo alikuwa akipita njia ya nyuma. Nyumba yake ilikuwa juu mlimani, kama nyumba zetu nyingi hapa, na ngazi ya mawe ya kupandia kwake ilipita mlangoni kwa rafiki yake Haneda. Ngazi hiyo alikuwa ameipanda miaka mingi bila kuiwazia. Sasa alizunguka kwa makaburini, kwenye matope na mbu, na sare yake nyeupe, ili tu asionane uso kwa uso na mke wa rafiki yake. Mkewe mwenyewe, Kikue, alichoka kufua matope yale. Siku moja alimwuliza, "Baba Sachiko, hiyo ngazi imekukosea nini?" Teizo akajibu kwamba daktari amemwambia atembee kwa ajili ya mapafu.

Uongo wa kitoto kabisa. Lakini tusimcheke sana, maana hakuwa na mazoezi. Mtu huyu alikuwa amefika umri wa miaka arobaini na ushee bila kuhitaji kusema uongo, kwa sababu katika kazi yake hakuna aliyewahi kumwuliza maoni yake.

Teizo hakuzaliwa afisa. Baba yake alisuka mikeka ya nyumba huko Mihara, na mikeka haikutosha kulisha watoto sita, kwa hiyo Teizo akajiunga na jeshi la maji akiwa kijana. Akapewa koleo, akashushwa chini kabisa ya manowari kutia makaa kwenye matanuri ya mvuke. Huko ndiko alikokutana na Haneda Sukeichi, jitu la watu, kifua kama pipa, ambaye neno lake la kwanza kwa Teizo lilikuwa kumwuliza kama atamaliza wali wake. Kuanzia siku hiyo walikuwa chanda na pete. Walichapwa pamoja, maana enzi zile kuruti alipigwa rungu matakoni kwa kosa, na bila kosa alipigwa ili asije akalifanya. Walioa karibu wakati mmoja, wakapanga nyumba kwenye mlima mmoja, na wake zao wakazoea kuazimana chumvi.

Teizo alikuwa msomaji. Wenzake walipokuwa wakicheza karata, yeye alikuwa na kitabu cha mitambo juu ya magoti. Akafaulu mtihani huu, akafaulu na ule, akapanda ngazi moja moja mpaka akapewa upanga wa afisa. Hapo ndipo alipojua kwamba afisa aliyepanda kutoka chini ni nusu ya afisa. Vijana waliotoka chuoni, ndevu hazijawaota, walimpa amri, na chumba cha kulia alikuwa na chake, mbali na chao. Mkubwa mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba mikono yake bado inanuka makaa. Teizo alijibu, "Ndiyo, mkuu," kwa kuwa hilo ndilo jibu alilolijua vizuri kuliko yote. Alikuwa mtu wa kuambiwa nyamaza akanyamaza. Ndicho kilichompandisha cheo, naye alikuwa akijivunia.

Haneda hakupanda sana. Alibaki sajini wa mitambo, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Mbele ya watu alimwita Teizo "mkuu" kwa sauti ya kumzomea kidogo, na wakiwa wawili alimwita Tei, na Teizo alipenda jina hilo la pili kuliko cheo chake chote.

Vita vilipofika, walikuwa meli moja, manowari kubwa ya kubeba ndege. Asubuhi moja, mbali katikati ya Pasifiki, ndege za Wamarekani zilishuka kutoka juu ya mawingu. Mabomu yalipasua sitaha, petroli na mabomu yetu wenyewe yakashika moto, na njia zote za kwenda chini zikazibwa na moto. Teizo alikuwa juu, ametumwa kukagua matundu ya hewa. Haneda alikuwa chini na mitambo yake. Jioni, walionusurika wakiwa wameshahamishiwa manowari nyingine, meli yao ilizamishwa kwa topido, makombora ya majini, zetu wenyewe ili adui asije akaiteka. Teizo alisimama na wengine wakapiga saluti mpaka maji yakajifunga.

Hapa Kure redio ilitangaza ushindi. Tulipunga bendera. Walionusurika waliletwa kimyakimya wakafungiwa kisiwani kama wenye tauni, majeruhi wakapitishwa milango ya nyuma ya hospitali, na ndugu za waliokufa hawakuambiwa kitu. Afisa mmoja mwenye miwani aliwakusanya na kuwapa amri. Atakayeulizwa lolote aseme hawezi kusema. Neno moja zaidi ya hapo ni siri ya jeshi, na atakayeitoboa atachukuliwa na polisi wa jeshi, na nyumba yake itajuta. Wengi wao walipelekwa moja kwa moja vita vya kusini bila kuona wake zao. Teizo, kwa kuwa alikuwa akikohoa moshi, akapewa kazi ya kufundisha vijana mambo ya mvuke hapa nchi kavu, akaruhusiwa kulala kwake.

Siku ya kwanza alipanda ngazi ile ile. Tomeyo, mke wa Haneda, alikuwa mlangoni akimwagia maji biringanya zake. Alipomwona, akadondosha kata ya maji na kuangalia nyuma ya mgongo wa Teizo, chini ya ngazi, kama mtu anayetazamia mwingine yuko njiani. Akauliza, "Shemeji, mwenzako umemwacha wapi?"

Amri ilikuwa wazi. Siwezi kusema. Maneno mawili tu, na kwa miaka zaidi ya ishirini Teizo hakuwahi kushindwa na amri ya maneno mawili. Lakini aliona uso ule ukianza kubadilika, akaogopa, na mdomo wake ukasema wenyewe: "Alihamishwa. Kabla hatujatoka. Yuko meli nyingine, kusini."

Tomeyo akacheka kwa raha, akasema kumbe ndiyo maana moyo wake ulikuwa umetulia. Wala hakuwa na wasiwasi, alisema, maana kifuniko kilikuwa kikitoka jasho kila asubuhi.

Kwetu, mtu akiwa safarini au vitani, mkewe humwandalia sinia lake mahali pake pa kukaa, kila siku, asije akashikwa na njaa huko aliko. Bakuli la wali hufunikwa, na kifuniko kikifunuliwa kikawa na matone ya maji, mwenyewe yu hai na hajambo. Siku zile chakula kilitolewa kwa mgawo na mchele ulipimwa kwa kikombe, lakini Tomeyo alimkatia Haneda sehemu kutoka tumboni mwake mwenyewe, akampikia, akamwandalia, kisha akala kile kile kikiwa kimepoa. Na kila asubuhi alimwambia Kikue, "Leo kimetoka jasho tele." Kikue akaleta habari nyumbani kama habari njema. Teizo, mtu aliyeishi na mvuke tangu ujana, aliyejua mvuke unakwenda wapi ukikutana na kitu cha baridi, alikuwa akisikiliza akijua matone yale ni mvuke wa wali tu.

Basi ndipo ilipoanza njia ya makaburini. Akaacha sake, pombe yetu ya mchele, asije ulimi ukateleza. Akaacha kwenda bafu la umma saa ambazo watu ni wengi. Kila alipoona kofia ya polisi wa jeshi mjini, alikata kona, na alipofika darasani alishika chaki mpaka ikavunjika. Kilichomnyima usingizi si kwamba aliificha siri. Ni kwamba aliongeza chumvi yake. Angesema hawezi kusema, angekuwa salama. Sasa kulikuwa na meli ya kusini ambayo haipo, na mwenye kuizua ni yeye.

Mzee Tsukuda hakumsaidia. Huyu alikuwa mwenyekiti wa chama cha majirani na mtengenezaji wa viatu vya mbao, nyumba yake imegusana ukuta na ya Haneda, na hakuna sufuria iliyochemka mlimani pale asijue kuna nini ndani. Mkutanoni, mbele ya wanawake wote, alimwambia, "Luteni, tumeshinda vita halafu hutusimulii hata kidogo. Au ulikuwa umelala huko chini kwenye mitambo?" Watu wakacheka. Teizo akacheka pia, akakohoa. Mzee akaongeza kwamba siku hizi anamwona akitokea makaburini kama panya, na je, ana hawara huko? Wakacheka zaidi, isipokuwa Kikue.

Karibu na siku za Bon, wakati roho za wafu zinaporudi kutembelea nyumba zao, Kikue alisema jambo wakiwa wanakula. Alisema Tomeyo amekausha dagaa, amechachusha figili, na ameshona mkanda wa tumbo, sasa anataka kushuka kambini Bon ikiisha, akaulize meli aliyohamishiwa mumewe ili wampelekee. Mzee Tsukuda amejitolea kumsindikiza, maana ana jamaa yake karani kule. Vijiti vya kulia vya Teizo vilisimama hewani.

"Nani kamwambia akaulize?"

"Si wewe uliyemwambia amehamishwa? Anakushukuru kila siku."

Teizo aliweka bakuli chini. Aliona yote yakienda hatua kwa hatua: Tomeyo dirishani na kifurushi chake, karani akipekua, karani akimwita mkubwa wake, mkubwa akiuliza kwa upole kabisa, mama, hayo ya kuhamishwa umeyasikia kwa nani? Na Tomeyo, kwa moyo mweupe, atalitaja jina lake. Wangemchukua yeye. Kikue angefukuzwa kwenye foleni ya mgawo kwa macho tu ya majirani, na binti yao Sachiko, ambaye posa yake ilikuwa njiani, nani angemwoa? Na Tomeyo mwenyewe angeupata msiba wake dirishani, mbele ya Mzee Tsukuda. Ajabu ni kwamba hili la mwisho lilimwuma kuliko yote, na alijilaumu kwamba lilikuja la mwisho.

Ilibidi amzuie. Asubuhi moja ya siku za Bon alivaa sare safi akapita makaburini kwa mara nyingine, safari hii akitafuta maneno. Aliyapanga, akayarudia kama kuruti: Shemeji, usiende kambini. Meli yake ina kazi ya siri. Ukiuliza, utamharibia. Kwa hiyo alikuwa anakwenda kuujenga uongo wa pili juu ya ule wa kwanza, naye alijua hivyo, na jasho lilimtiririka mgongoni.

Tomeyo alimpokea kwa furaha na utani. "Karibu, shemeji. Nilidhani umesahau mlango wetu ulipo."

Teizo alipiga magoti mbele ya madhabahu ya nyumba, akawasha ubani kwa ajili ya marehemu baba yake Haneda, kama rafiki wa familia afanyavyo siku zile. Akagonga kengele ndogo, akaunganisha viganja, akainama. Mpaka hapo hakuna ubaya. Kisha akageuka hapo hapo kwenye magoti, na mbele yake kulikuwa na sinia. Lilikuwa mahali pa Haneda, mbele ya mto wake wa kukalia uliobonyea katikati kwa uzito wake. Wali chini ya kifuniko, supu ya miso, soya iliyochachushwa, ikifuka moshi, biringanya za kuchachua, dagaa watatu. Harufu ya ubani ilikuwa bado puani mwa Teizo. Akaunganisha viganja tena. Akafumba macho, akaliinamia sinia lile mpaka paji la uso likakaribia mkeka, akanong'ona jina la Buddha Amida kama tunavyowanong'onea wafu wetu. Akakaa hivyo. Tangu meli izame alikuwa hajapata mahali pa kumwombea Haneda, na mwili wake ukaamua wenyewe kwamba ni hapo.

Alipofumbua macho aliiona mikono yake ilivyo, akaitenganisha haraka.

Aliye safarini hainamiwi hivyo. Sinia lake unaliambia karibu chakula, kazi njema, basi. Mtoto wa miaka mitano anajua. Tomeyo alikuwa amesimama na birika la chai, naye aliliweka chini polepole sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa.

"Shemeji," alisema, "umefanya nini hapo?"

Teizo alitafuta maneno aliyoyapanga makaburini. Halikuwepo hata moja. Kilichobaki kinywani ni kile alichoamriwa tangu mwanzo, naye akakisema sasa, kwa mara ya kwanza.

"Siwezi kusema."

Ukuta ule ni udongo na mianzi. Upande wa pili nyundo ya Mzee Tsukuda ilikuwa ikigonga kiatu, ko, ko, ko. Teizo aliisikiliza nyundo huku akimtazama Tomeyo. Angepiga yowe moja tu, mlima mzima ungejaa mlangoni, nao wangetaka kujua kwa nini mke wa Haneda analia na nani aliyemliza. Tomeyo alifungua mdomo. Akashika mkono wa kimono yake, akaujaza kinywani, akauma. Mabega yalimtikisika na hakuna sauti iliyotoka. Teizo hakuwahi kuona kilio cha namna ile, na yeye alikuwa ametoka vitani. Alitamani kumwambia alie. Aliogopa kumwambia alie. Alijichukia kwa hayo mawili.

Mwishowe Tomeyo alitoa nguo kinywani. Hakuuliza wapi, wala nani aliyempiga, wala kama walishinda.

"Alikuwa amekula?"

Teizo hakuelewa.

"Siku hiyo," alisema Tomeyo kwa sauti ya chini. "Alikuwa ameshiba? Na usinidanganye, shemeji. Ulishanidanganya mara moja."

Hapo ndipo Teizo alipobanwa kweli, kuliko na afisa yeyote. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Ndiyo, alikula, unamjua mwenyewe. Alimtazama mama huyu aliyekonda kwa kujinyima, akashindwa.

Alisema kwa kunong'ona. Siku ya mapigano wapishi hufinyanga matonge ya wali yenye ndimu ya chumvi katikati, na kila mtu hula palepale alipo. Ya watu wa juu yaligawiwa mapema. Ya watu wa chini yalikuwa yamekaa kwenye beseni karibu na ngazi, yakisubiri ndege za adui zipungue ndipo yashushwe. Yeye, Teizo, alipewa mawili akala amesimama, kando ya bomba la kuongelea na watu wa mitambo. Haneda akaita kutoka chini. "Alisema, 'Tei, huo wali wetu unaletwa kwa miguu kutoka Tokyo?' Nilicheka, shemeji. Nilikuwa na wali mdomoni. Nikamwambia unakuja. Halafu ndipo mabomu."

"Haukufika."

"Haukufika."

"Wewe ulikula."

"Mimi nilikula."

Tomeyo aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyemaliza kuelezwa njia. Kisha akalishika sinia la Haneda kwa mikono miwili, akalisukuma juu ya mkeka mpaka likagusa magoti ya Teizo, akafunua bakuli. Matone yakadondoka kutoka kwenye kifuniko.

"Kula na huu," alisema.

Haikuwa ukarimu. Haikuwa hasira tupu pia, na Teizo alijua hana ruhusa ya kukataa. Akashika vijiti. Akatia tonge la kwanza kinywani. Nyundo ya jirani ilikuwa imenyamaza, na kabla hajameza, kivuli kilitokea mlangoni na Mzee Tsukuda akakohoa kikohozi chake cha kubisha hodi.

"Oho, Luteni. Leo umetukumbuka?" Macho yake yalishuka kwenye sinia. "Na chakula cha mwenye nyumba unakila wewe?"

Teizo aliendelea kutafuna. Alingoja. Maisha yake, na ya Kikue, na ya Sachiko, yalikuwa kwenye ulimi wa mwanamke ambaye yeye alikuwa ametoka kumfanya mjane.

"Nimempa mimi," alisema Tomeyo. Alikuwa amempa mzee mgongo, akimimina chai, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku. "Mwenyewe ameshiba huko aliko. Mzee, ile safari ya kambini tuiache. Shemeji amenishauri vizuri, mambo ya jeshi ni ya wanajeshi."

Mzee alionekana kunyimwa kitu, maana alikuwa ameshajiandaa kumwonyesha karani wake kwa watu. Lakini alimsifu kwamba huyo ndiye mke wa askari, akanung'unika kuhusu joto, akarudi kwenye viatu vyake. Nyundo ikaanza tena.

Tomeyo alikaa mkabala na Teizo, mikono juu ya mapaja. Macho yalikuwa mekundu, lakini makavu. "Kesho nitapika tena," alisema. "Nikiacha, yule mzee ataniuliza kwa nini. Na mimi siwezi tena kukila chakula chake. Kwa hiyo utakuja kula wewe, kila asubuhi, mpaka siku wanajeshi wenyewe watakaponiletea habari. Utapita mlango wa mbele."

"Ndiyo, shemeji."

"Maliza."

Teizo aliinua bakuli karibu na mdomo, akaokota punje zilizobaki moja moja, kwa sababu Tomeyo alikuwa bado anamwangalia.